Karanga za Siku ya Saba

Jioni ya kwanza nilikwenda ghalani kumwaga unga tu. Kazi ya dakika ishirini. Wapakizi walikuwa wameshaondoka, jua lilikuwa linazama nyuma ya paa la mabati, na mimi nilikuwa na ndoo yangu, tochi yangu, na haraka ya kufika nyumbani kabla Kijino hajalala.

Kijino ni binti yangu. Ana miaka sita, na tulimpa jina hilo baada ya meno ya mbele kumtoka kwa mpigo, akabaki na kimoja tu hapo juu, kimening'inia kinasita. Kila nikirudi hunipokea mlangoni. "Shikamoo baba," na kabla sijaitikia, mkono wake umeshazama mfukoni mwa koti langu kutafuta nilichomletea. Namtaja mapema ili ujue nilikuwa na nini cha kupoteza.

Mimi ni fundi wa panya. Cheka, ukimaliza nitaendelea. Watu wote hucheka, mpaka siku wanapokuta gunia la mahindi limebaki ngozi. Hapo ndipo wanaponitafuta kama mkunga.

Msimamizi wa ghala lile tulimwita Bwana Tai, kwa kuwa alivaa tai hata siku ya kufagia. Kabla yangu, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mtaalamu. Alinunua sumu ya dukani akaimwaga kila kona, kama anayemwagilia maua. Panya watatu wakafa, mia tatu wakaelimika. Kisha akaleta paka. Paka akanenepa kwa maziwa ya ofisini, akawa analala juu ya mafaili. Ndiyo akili za watu wenye tai.

Panya hauawi kwa hasira. Anauawa kwa mpango. Kwanza unamwaga unga laini sakafuni jioni, asubuhi unasoma nyayo: wanapita wapi, wako wangapi, wakubwa kwa wadogo. Pili, unaziba matundu yote na kumwachia njia moja, unayoitaka wewe. Tatu, unamlisha. Ndiyo, unamlisha. Panya hukiogopa kitu kipya, kwa hiyo siku sita unampa chakula safi, mahali palepale, saa ileile, mpaka aanze kukungoja. Siku ya saba unampa chakula kilekile, kina sumu. Tena sumu ya polepole, ile inayoisahaulisha damu kuganda. Anakufa siku kadhaa baadaye, mbali na sahani, na wenzake hawajui kilichomuua. Na mwisho, hapa ndipo mafundi wa kubahatisha wanaposhindwa, baada ya mwezi unarudi na unga wako kuhesabu waliobaki. Ukikuta hata mmoja, unaanza upya.

Basi nilifika langoni. Mlinzi alikuwa mwanamke wa makamo tuliyemwita Firimbi, kwa sababu ya ile firimbi iliyoning'inia shingoni mwake, ambayo sijawahi kusikia ikilia.

"Daktari," aliniambia, maana ndilo jina walilonibandika kwa kejeli. "Usiingie humo bila kubisha hodi."

"Nimbishie nani? Watu si wamekwenda?"

"Hao panya wana mwenyewe. Fundi aliyekuja kabla yako alidharau hivyohivyo."

"Ehe, ikawaje? Akafa?"

"Yeye mzima mpaka leo," alisema Firimbi. "Ndiyo shida yake."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Mtu anakesha langoni miaka kumi na miwili na bado anaogopa kitu kinachotoshea kwenye kiatu! Nilisukuma mlango wa ghala, harufu ya mikojo na magunia yaliyolowa ikanipiga usoni. Ndani mlikuwa na kiza. Pande zote palikuwa na ule mkwaruzo wao... krr... krr... krr... mamia ya meno yakifanya kazi.

Ili kumfurahisha mama wa watu, nilipaza sauti kwa mbwembwe. "Shikamoo, mzee!"

Mkwaruzo ukakatika.

Wote. Kwa pamoja.

Nilisimama na ndoo yangu mkononi. Kisha ukaanza tena, taratibu, kutoka kona ya mbali. Nikajiambia ni kelele yangu imewashtua. Nikamwaga unga, nikafunga, nikaenda zangu bila kusubiri kitu.

Asubuhi nilisoma nyayo. Njia kuu tatu, panya mia mbili na ushei. Lakini katikati ya sakafu palikuwa na nyayo nyingine. Za mtu. Miguu mitupu, midogo, yenye vidole virefu. Zilianzia katikati ya unga na kuishia katikati ya unga, hatua saba, hazikutoka popote wala hazikwenda popote. Nikasema, mpakizi mwizi huyo, amerukia kutoka juu ya magunia. Wezi nao wana ujinga wao. Nikazifuta kwa kiatu.

Niliporudi nyumbani kubadilisha nguo, nilimkuta mke wangu ameshika ufagio, amenuna.

"Baba Kijino, nani kamwaga unga hapa mlangoni?"

"Si wewe na uchafu wako wa jikoni?"

"Mimi sijagusa unga tangu juzi. Na umemwagwa vizuri, kama umechungwa."

Nilimwambia utakuwa umedondoka kwenye suruali yangu, na kwamba mwanamke mwenye kazi ya kufanya hakai kuchunguza vumbi. Aliufagia wote. Niliyakumbuka maneno hayo baadaye, na yananichoma mpaka leo.

Siku mbili zilizofuata niliziba matundu. Thelathini na moja, kwa saruji na waya. Siku hizohizo mlango wetu wa nyuma ukagoma kufunguka. Kitasa kilikuwa kimejaa kitu kigumu, cha kijivu. Nilimtukana fundi aliyetuuzia, kanjanja mkubwa, nikaiambia familia tutumie mlango wa mbele tu.

Ndiyo. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Kisha nikaanza kulisha. Chenga za mahindi zilizopakwa mafuta, kwenye visahani kumi na viwili, saa kumi na mbili jioni bila kukosea. Jioni ileile ya kwanza nilipotoka nje nilikuta kitu juu ya sanduku langu la bati, pale kizingitini. Karatasi iliyosokotwa. Ndani yake, karanga za kukaanga. Bado za moto.

Mimi kazini sili. Mikono yangu inashika sumu, na kuna fundi ninayemjua aliyelamba kidole akaenda kulala hospitali wiki nzima. Lakini nilitazama langoni, nikamwona Firimbi amenipa mgongo, nikatabasamu. Kumbe mama huyu ananitamani. Ndiyo maana ananitisha kwa hadithi, anataka nimsogelee nimwombe ulinzi. Nikazitia karanga mfukoni, nikapita langoni bila kumshukuru, nisimpe tamaa.

"Shikamoo baba!" Mkono mfukoni. "Karanga!"

Alizila zote. Mama yake alikuwa na gego bovu, hakugusa hata moja.

Kesho yake, saa ileile, palepale, karatasi ileile. Na keshokutwa. Siku ya nne Kijino hakuningojea mlangoni, alinifuata mpaka kona ya barabara. Siku ya tano alikuwa ameketi pale tangu saa kumi, anatazama mfuko wangu kabla ya uso wangu. Nilimbeba mabegani, nikajiona baba bora mtaani.

Siku ya sita niliingia ghalani kujaza visahani. Vilikuwa vimelambwa vikang'aa. Nilijaza cha kwanza, cha pili, nikafika nyuma ya lundo la magunia ya mwisho, na hapo nikasikia mtu ananong'ona.

"Marahaba."

Nilimulika tochi. Alikuwa ameketi juu ya gunia, miguu haifiki chini. Mzee mdogo, mkavu, mwenye koti la kazi kama langu, lenye vumbi kama langu. Lilikuwa na kiraka mfukoni kama langu. Alinuka magunia yaliyolowa. Sikuiona vizuri sura yake, kwa kuwa kila nilipopandisha mwanga aliinamisha kichwa, kama mtu mwenye macho mabovu.

"Sijakusalimia," nilisema.

"Ulinisalimia. Uliondoka kabla sijaitikia."

Nikajua huyu ni kichaa, au amekunywa. Kisha nikaona mapajani mwake kuna kidaftari, na penseli fupi sikioni, nikaelewa zaidi. Nikapandwa na hasira. Bwana Tai ameleta fundi mwingine kwa siri! Wenye tai ndio zao.

"Nani kakutuma?"

"Wenye ghala."

"Kazi ya hapa ni yangu, mzee. Nimeshaianza."

"Najua. Nimekuangalia. Unafanya vizuri." Alinong'ona kwa upole, kama anayemsifu mtoto. "Mimi sifanyi hapa. Mimi nina nyumba."

"Nyumba ngapi?"

"Moja. Ndogo. Watatu tu."

Nilicheka. "Watatu! Hiyo ni kazi au mchezo?"

"Dume, jike, na kitoto." Alifungua kidaftari chake. "Nimesoma nyayo. Nimeziba njia. Nimelisha siku sita. Lakini lile dume... ni juaji. Halili. Limenisumbua."

Sasa nisikilize vizuri. Hapa ndipo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kuondoka, kupiga kelele, kumwita Firimbi na firimbi yake isiyolia. Lakini mtu wa fani yangu alikuwa amekiri mbele yangu kwamba ameshindwa na panya mmoja, na mimi nilijisikia mkubwa. Niliweka ndoo chini. Nikampa somo.

"Haligusi kabisa?"

"Haligusi. Hubeba tu."

"Basi mzee wangu, shida iko wapi?" nilimwambia. "Dume lisilokula usihangaike nalo. Hilo ndilo bora kuliko yote. Liache libebe. Litaifikisha sumu kiotani kwa miguu yake, na kiota kitapokea kwa sababu kinaliamini. Wewe weka ileile, saa ileile, palepale. Usibadilishe hata karatasi."

Sikujua kwa nini nilisema karatasi. Panya hapewi chakula kwenye karatasi.

Mzee aliandika. Penseli yake ilikwaruza... krr... krr... na nyuma ya magunia mkwaruzo mwingine ukamwitikia.

"Na sumu gani?"

"Ya polepole. Siku tatu, nne. Wasijue."

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Wana akili kidogo hawa viumbe. Ila majivuno yao ni makubwa, na majivuno ni chambo kizuri."

Nilicheka naye. Nilidhani anawasema panya. Nilipoinama kuchukua ndoo na kuinuka, juu ya gunia hapakuwa na mtu, lina shimo la kukaliwa katikati. Nje, juu ya sanduku langu la bati, karanga zilikuwa za moto.

Siku ya saba niliweka sumu kwenye visahani vyangu kumi na viwili. Nilitoka. Karatasi ilikuwepo. Niliitia mfukoni bila kuifikiria, kama mtu anavyotia funguo. Kijino alikuwa konani. Alikula akitembea, akinisimulia habari za mwalimu wao anayelala darasani, na mimi nilikuwa naitikia ee, ee, huku nikipiga hesabu ya mizoga yangu.

Siku nne baadaye panya walianza kutoka mchana, wamelewa, wanaanguka kando ya magunia, damu puani. Mia mbili na kumi na wanne. Bwana Tai alinishika mkono mbele ya wapakizi wote. Nilirudi nyumbani jioni hiyo nikipiga mluzi.

Konani hapakuwa na mtu.

Nilimkuta Kijino ameketi kitandani na kitambaa mdomoni. Kile kijino chake kimoja kilikuwa mkononi mwa mama yake.

"Kimetoka chenyewe," alisema mke wangu. "Usimtishe, ni kawaida."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi, wakati anakunywa chai."

"Asubuhi?" Nilitazama kitambaa. Kilikuwa kimelowa chote, na chini ya kitanda palikuwa na vingine viwili.

Nilipiga magoti. Nilikipandisha kigauni chake, nikaona miguuni madoa ya zambarau ambayo hakuanguka popote kuyapata. Aliniangalia, akatabasamu kwa ufizi mwekundu, na mkono wake ukaja polepole mfukoni mwangu.

Mfuko ulikuwa mtupu. Tangu siku ya saba sikukuta karatasi tena, na sikujiuliza kwa nini. Mimi, mwenye mpango.

Hapo ndipo kila kitu kilipoingia kichwani mara moja, kama mlango uliofunguliwa kwa teke. Unga mlangoni. Kitasa. Siku sita. Dume, jike na kitoto. Liache libebe.

Nilimbeba nikakimbia naye mpaka hospitali. Nilimwambia daktari wa kweli, yule asiyeitwa hivyo kwa kejeli, kwamba mtoto amekula sumu ya panya na kwamba dawa yake ni vitamini K, na aache kuniuliza maswali ya kijinga. Alipima damu. Ilikuwa haigandi. Aliniuliza sumu aliipata wapi. Nikampigia Firimbi simu mbele yake kumuuliza habari za zile karanga, maana bado niliamini ni mkono wake uliokuwa ukiziweka, nimeshaandaa matusi.

"Karanga?" alisema Firimbi. "Daktari, mimi nikupe karanga wewe? Miye hata maji sijawahi kukupa, na sitakupa. Unapita langoni hata salamu huna."

Kisha akashusha sauti.

"Hukubisha hodi," alisema, akakata simu.

Kijino alilazwa siku kumi na tisa. Siku tatu za mwanzo hatukujua kama atapona, na mke wangu hakunitazama hata mara moja. Nilipomweleza yote, pamoja na somo nililotoa, alisema jambo moja tu. "Wewe ulivyo, hata kifo ungekirekebishia kazi yake." Maisha yangu yote niliwadharau panya kwa kubeba wasichokijua mpaka kwa watoto wao. Panya walau ana njaa. Mimi nilikuwa nimeshiba sifa.

Daktari anasema nilikuwa na sumu mikononi, nikazishika karanga, na ndivyo ilivyokuwa. Ni maelezo mazuri. Ningependa kuyaamini. Lakini mimi ndiye fundi, na najua kwamba sumu ya kwenye vidole haifanyi vile. Ile ilipimwa. Na kipimo kilikuwa sahihi kabisa.

Niliacha kazi. Nilivunja kitasa cha nyuma kwa nyundo, nikatia kipya. Kijino amerudi shule. Jino jipya linachungulia, na anakula kila kitu isipokuwa karanga. Mwezi mzima ulipita, tukaanza kucheka tena mezani, kidogokidogo, kama watu wanaojaribu kiti kilichovunjika.

Leo asubuhi niliamka nikidhani mimi ndiye wa kwanza, nikafungua mlango wa mbele.

Unga.

Laini, mweupe, umechungwa, kutoka kizingitini mpaka barazani. Nyayo za Kijino zilikuwa zimeshapita juu yake. Zilitoka mlangoni, zikasimama, zikarudi ndani. Mbele ya pale zilipogeukia palikuwa na nyayo nyingine mbili, ndogo, tupu, zenye vidole virefu, zimesimama zinamtazama. Hazikutoka popote.

Nilimkuta kitandani, macho wazi, amejifunika mpaka kidevuni.

"Ulitoka nje, mama?"

"Kuna babu alibisha hodi," alisema. "Alibisha vizuri, baba, mara tatu. Nikamwambia shikamoo."

"Akakupa nini? Kijino, nitazame. Alikupa kitu?"

"Hakunipa kitu. Alisema hana shida, anahesabu tu."

Nilimshika mikono yote miwili, nikainusa. Ilinuka sabuni. Nikamuuliza alihesabu wangapi.

Akaninyooshea vidole vitatu.